Frank Oppenheimer: Mwanafizikia aliyefunza sayansi jalalani

MNAMO 1957, wanafunzi wa shule ya upili katika mji mdogo wa Pagosa Springs, jimbo la Colorado nchini Marekani, walipata mwalimu mpya wa sayansi. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe mwenye umri wa miaka 45, jirani wa baadhi yao, mtu aliyejulikana zaidi kwa kukata majani ya mifugo na kurekebisha nyua kuliko kwa kushika chaki.

Miaka 12 kabla ya hapo, mfugaji huyo alikuwa amelala chini katika jangwa la New Mexico, kando ya nduguye mkubwa, wakati bomu la kwanza la atomiki duniani lilipolipuliwa alfajiri ya Julai 16, 1945.

Jina lake lilikuwa Frank Oppenheimer. Nduguye, Robert, ndiye aliyeongoza maabara ya Los Alamos ambako bomu hilo liliundwa, na ndiye ambaye filamu iliyotolewa mwaka wa 2023 ilimrejesha vinywani mwa watu. Frank anaonekana katika filamu hiyo kwa muda mfupi tu, kisha anatoweka.

Ni haki ya watunzi wa filamu kuchagua wanachotaka. Hata hivyo, kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa la sayansi, huenda maisha ya Frank yakawa na manufaa zaidi kuliko ya nduguye.

Alizaliwa jijini New York mnamo Agosti 14, 1912, miaka minane baada ya Robert. Baba yao, Julius, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani aliyetajirika kwa biashara ya vitambaa. Mama yao, Ella, alikuwa mchoraji, na kuta za nyumba yao zilipambwa kwa kazi za wasanii mashuhuri, zikiwemo za Vincent van Gogh.

Frank aliipenda filimbi kiasi cha kufikiria kuifanya kuwa kazi ya maisha yake. Fizikia ndiyo iliyoshinda. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka wa 1933, akaenda Cambridge nchini Uingereza na baadaye Florence nchini Italia kujinoa katika maabara, kisha akapata shahada ya uzamifu katika chuo cha Caltech, California, mwaka wa 1939.

Ndugu hao wawili walitofautiana kwa jambo moja lililokuja kuwa na uzito mkubwa. Robert alikuwa mtu wa nadharia, asiyeaminika sana na vyombo. Frank alikuwa mtu wa mikono. Alijua kutengeneza kifaa, kukifungua, kukiharibu na kukiunda upya. Kwake, kufahamu kitu kulianza kwa kukigusa.

Akiwa Caltech alioa msichana aliyeitwa Jacquenette Quann, maarufu kama Jackie, mwaka wa 1936. Mwaka uliofuata, wawili hao walijiunga na Chama cha Kikomunisti. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na vijana wengi wenye uchungu na hali ya wanyonge waliona chama hicho kama mahali pa kufanya kazi. Miongoni mwa mambo waliyoyapigania mjini Pasadena ni haki ya watu weusi kutumia bwawa la kuogelea la umma, ambalo waliruhusiwa kuingia siku moja pekee kwa wiki.

Walidumu chamani kwa takriban miaka mitatu hivi, wakakihama. Wakati huo halikuwa jambo la kutikisa dunia.

Vita vilipozuka, Frank alifanya kazi chini ya Ernest Lawrence huko Berkeley, katika mradi wa kutenganisha aina mbili za madini ya urani kwa kutumia sumaku. Alipelekwa Oak Ridge, Tennessee, ambako mitambo hiyo ilijengwa, na hatimaye akawasili Los Alamos mnamo 1945, muda mfupi kabla ya jaribio lile la jangwani. Wiki tatu baadaye, Hiroshima iliteketea.

Frank alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliotoka Los Alamos wakiamini kuwa umma ulipaswa kuelezwa waziwazi maana ya silaha hiyo. Alizunguka akihutubia mikutano. Aliona kuwa mtu asiyeelewa sayansi hubakia mateka wa wanaoielewa, au wanaodai kuielewa. Wazo hilo halikumwacha hadi kufa kwake.

Mwaka wa 1947 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Minnesota. Kazi ilimnyookea. Yeye na wenzake walirusha baluni hadi juu kabisa ya anga kuchunguza miale inayotoka katika anga za mbali, na mwaka wa 1948 wakagundua kuwa miongoni mwa miale hiyo mlikuwa na viini vya elementi nzito. Ulikuwa ugunduzi wa haja, na mwenyewe alikuwa hajatimiza umri wa miaka 37.

Lakini tayari mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Mnamo Julai 1947, gazeti moja la Washington lilichapisha habari kwamba ndugu wa Robert Oppenheimer alikuwa Mkomunisti. Frank alikana. Aliwakana waandishi wa habari, na akaukana uongozi wa chuo chake vilevile.

Hilo lilikuwa kosa, na hakuna njia ya kulipamba. Uanachama wenyewe haukuwa hatia kisheria. Uongo ndio uliompokonya watetezi siku alipowahitaji.

Siku hiyo ilikuwa Juni 14, 1949, alipofika mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti. Safari hii alisema kweli kuhusu yeye na mkewe. Alipotakiwa kuwataja wengine aliowajua chamani, alikataa katakata. Angewataja, pengine angeokoka, kwani wapo waliofanya hivyo na wakabakia vyuoni. Siku hiyo hiyo chuo kilikubali barua yake ya kujiuzulu.

Hakuna chuo kingine kilichothubutu kumwajiri. Kwa kuwa alinyimwa paspoti, hata kazi ng'ambo haikuwezekana. Mtu aliyekuwa amesomea Cambridge, Florence na Caltech alifungiwa milango ya kila maabara katika nchi yake.

Aliuza mojawapo ya picha za Van Gogh alizorithi kwa babake, ile inayoonyesha mtoto akifundishwa hatua za kwanza na wazazi wake, na familia ikahamia katika ranchi milimani karibu na Pagosa Springs. Picha hiyo sasa imo katika makavazi ya Metropolitan jijini New York.

Yeye na Jackie hawakujua lolote kuhusu ufugaji. Walisoma, wakauliza majirani, wakakosea, wakauliza tena. Majira ya baridi huko ni makali, na theluji hufunga barabara. Maafisa wa upelelezi wa FBI nao hawakuacha kufika kuwahoji majirani kuhusu mienendo yake. Majirani, ambao walimfahamu kama mtu anayeamka alfajiri kulisha ng'ombe kama wao, waliishia kumchagua mwenyekiti wa chama cha wafugaji katika kaunti yao.

Aliishi hivyo kwa karibu mwongo mzima. Nduguye naye alivuliwa kibali cha usalama mwaka wa 1954, hatua iliyozua kelele dunia nzima. Kuporomoka kwa Frank hakukuwa na kelele yoyote.

Ndipo mnamo 1957 shule ya upili ya Pagosa Springs ikamfungulia mlango. Ilikuwa na wanafunzi wasiozidi 300. Frank alitwikwa sayansi ya jumla, biolojia, kemia na fizikia, yote kwa pamoja.

Mwalimu yeyote wa shule ya mashambani atatambua hali aliyoikuta. Maabara ya shule kama hiyo haiwezi kushindana na ya Minnesota, wala haina fundi wa kuunda vifaa wala fedha za kuagiza vingine.

Palikuwa na jalala, hata hivyo, na jalalani mlikuwa na magari mabovu. Frank aliwapeleka wanafunzi wake huko.

Aliyezoea kuona mafundi wa jua kali wakifanya kazi hatashangaa. Gari bovu ni kitabu kizima cha fizikia kwa anayejua kulisoma. Giaboksi inaonyesha jinsi gurudumu dogo lenye meno linavyozungusha kubwa polepole lakini kwa nguvu zaidi. Rejeta inaonyesha joto likihama kutoka majini hadi hewani. Breki zinaonyesha jinsi msukumo mdogo wa mguu unavyosafirishwa na mafuta hadi magurudumu manne. Ukifungua dainamo unakuta nyaya za shaba zimezungushwa mara nyingi kando ya sumaku, na huwezi kujizuia kuuliza zinafanya nini pale.

Swali hilo la mwisho ndilo alilolitaka Frank. Desturi katika shule nyingi, wakati huo na baadaye, ilikuwa mwalimu kuandika kanuni ubaoni, wanafunzi kuinakili, kisha siku ya maabara wote kufanya jaribio lile lile ambalo jibu lake liko katika ukurasa unaofuata. Jaribio la namna hiyo halimjaribu yeyote. Mwanafunzi anajua anachotakiwa kukipata, na asipokipata huandika kuwa amekipata.

Frank aliugeuza utaratibu. Kitu kilitangulia, kikafuatwa na swali la mwanafunzi mwenyewe, na kanuni ikaja mwishoni wakati tayari ilikuwa na kazi ya kufanya. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kuwa sindano ya mita husogea pale tu sumaku inapotembea, na hutulia sumaku inapotulia, hahitaji kukaririshwa sheria ya Faraday. Anahitaji tu kuambiwa jina lake.

Ni njia ngumu kuliko inavyosikika. Inakula muda. Inamtaka mwalimu akubali kuulizwa asichokijua, mbele ya darasa, na badala ya kujificha katika ukali aseme kuwa hajui na waende wakaone. Walimu wengi huliogopa jambo hilo, na si kwa sababu ya uvivu. Wamefunzwa kuamini kuwa heshima yao imo katika kutokosa jibu. Frank alikuwa amepoteza heshima za aina hiyo zote huko Washington, na pengine ndiyo sababu hakuwa na la kuogopa.

Matokeo yalionekana upesi. Watoto wa wafugaji wa Pagosa Springs walishinda tuzo za kwanza katika maonyesho ya sayansi ya jimbo zima la Colorado, wakiwapiku wenzao wa shule kubwa za mijini.

Bahati nayo ilikuwa upande wake. Mnamo Oktoba 4, 1957, Muungano wa Sovieti ulirusha setilaiti ya Sputnik, na Marekani ikaingiwa na hofu kuwa shule zake zilikuwa zimelala. Jerrold Zacharias wa chuo cha MIT alikuwa tayari ameanzisha, mwaka mmoja mapema, kamati ya kuandika upya somo la fizikia la shule za upili kwa msingi wa majaribio. Ghafla, mtu aliyejua kuwafunza vijana kuchunguza wenyewe alikuwa na thamani, hata kama jina lake lilikuwa na doa.

Mwaka wa 1959, wakiungwa mkono na wanafizikia maarufu kama vile Hans Bethe na George Gamow, wasimamizi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder walimpa kazi. Angeweza kuurudia utafiti wake wa zamani tu, akajifanya kama kwamba miaka ya ng'ombe ilikuwa ndoto mbaya. Aliurudia kwa kiasi, lakini moyo wake ulikuwa umeshahamia kwingine.

Huko Boulder alianzisha kitu alichokiita maktaba ya majaribio. Kama vile msomaji anavyoingia maktabani na kuchukua kitabu kwa wakati wake, mwanafunzi aliweza kuingia katika chumba hicho, akakuta karibu majaribio 100 yamekwisha kutegwa, akachagua moja na kukaa nalo kadiri alivyotaka. Hakukuwa na kengele ya kumwondoa. Akitaka kubadilisha kipimo ili aone kitakachotokea, hakuna aliyemkataza.

Mwaka wa 1965 alipata ufadhili wa kwenda London kwa utafiti. Safari hiyo ilimpitisha katika makavazi makuu ya sayansi ya Ulaya: South Kensington jijini London, Palais de la Découverte jijini Paris, na Deutsches Museum jijini Munich. Huko Paris aliwaona wanafunzi wakiwaonyesha wageni majaribio ya sayansi. Huko Munich aliona mashine ambazo mgeni aliweza kuziendesha mwenyewe. Aliporejea nyumbani, alikuwa na swali moja: kwa nini maktaba yake ya majaribio iwe ya wanachuo peke yao?

Robert alifariki Februari 1967. Frank na Jackie walihamia San Francisco, ambako palikuwa na ukumbi mkubwa, mrefu na uliopinda kama mwezi mchanga, uitwao Palace of Fine Arts. Jengo la kwanza mahali hapo lilikuwa limesimamishwa kwa maonyesho ya kimataifa ya 1915, na katika miaka ya 1960 likajengwa upya kwa saruji. Ndani mlikuwa mtupu.

Kwa ruzuku ya dola 50,000 kutoka kwa wakfu mmoja wa jiji hilo, walifungua mlango mnamo 1969. Waliyaita makavazi hayo Exploratorium. Vitu vya kuonyesha vilikuwa vichache mno kwa ukumbi wa ukubwa ule.

Karakana haikufichwa nyuma ya jengo. Iliwekwa mahali ambapo mgeni angeiona, mafundi wakichomea vyuma na kukata mbao mbele ya macho ya watoto. Kifaa kilipoharibika, na viliharibika kila siku kwa kuwa viliguswa kila siku, kilirekebishwa hadharani. Mabango ya kukataza kugusa hayakuwepo.

Kifaa kimoja kinatosha kueleza kusudi la mahali pale. Ni pendulamu, yaani uzito mkubwa wa chuma unaoning'inia, mzito kiasi kwamba mtoto hawezi kuusukuma kwa urahisi. Kando yake kuna sumaku ndogo zilizofungwa kwenye nyuzi. Mtoto huirusha sumaku ikanasa kwenye chuma, halafu huvuta kwa nguvu, na sumaku hubanduka. Hurudia kwa nguvu zaidi, ikabanduka tena. Hatimaye, kwa kuchoka au kwa bahati, huvuta kidogo, akaachilia, akavuta kidogo tena kwa mwendo unaolingana na wa chuma chenyewe. Ule uzito huanza kubembea, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia.

Mtoto huyo amejifunza kile ambacho vitabu hukiita mwangwi wa mitetemo, na amejifunza kwa kidole chake. Akikutana nacho baadaye katika kitabu cha kidato, atakuwa anakutana na mtu anayemjua.

Jambo ambalo pengine lilimtofautisha zaidi Frank na wenye makavazi wengine ni watu aliowaweka ukumbini. Aliajiri vijana wa shule za upili na vyuo, akawalipa, na kazi yao ikawa kuzungumza na wageni. Waliitwa waelezaji. Hawakuchaguliwa kwa alama zao za mtihani, na wengi hawakuwa na nia ya kuwa wanasayansi. Kijana aliyeshindwa na biolojia darasani aliwekwa mbele ya umati akiwa na kisu na jicho la ng'ombe, akalipasua huku akiwaonyesha watu lenzi ilivyo na mahali mwanga unapotua.

Kumweleza mwingine kulimlazimu kijana huyo kuelewa. Frank aliwahi kuridhika kwa kusema kuwa hata kama wageni wasingejifunza lolote, waelezaji wangekuwa wamejifunza.

Wapo waliolalamika. Walisema ukumbi ule una kelele, watoto hukimbia kutoka kitufe hadi kitufe bila kutulia, na kwamba kucheza si kusoma. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, kwani kitufe kinachobonyezwa bila swali hakifunzi kitu. Frank alilijua hilo, ndiyo maana alisisitiza kwamba kifaa lazima kiweze kubadilishwa na anayekitumia, kiwe na zaidi ya jambo moja la kugundua, na kisimpangie mtu anachopaswa kukiona. Aliamini pia kuwa makavazi yana fadhila moja ambayo shule haina: hakuna anayeanguka mtihani humo.

Jackie alisimamia kazi ya michoro na maandishi ya vifaa hivyo hadi alipofariki mwaka wa 1980. Wasanii walialikwa kufanya kazi bega kwa bega na mafundi, kwa kuwa mpiga filimbi yule wa zamani hakuona mpaka kati ya kuchunguza mwanga na kuuchora.

Mnamo 1975 makavazi hayo yalichapisha kitabu cha kwanza cha kile walichokiita mapishi, chenye maelekezo ya jinsi ya kuunda vifaa vyao, vipimo na vyote. Vingine vilifuata. Wengine wangevilinda kwa hataza na kuviuza. Frank alitaka viigwe, na viliigwa katika miji mingi ya dunia.

Swali la walimu lilibaki. Mtoto angeweza kutumia alasiri nzima Exploratorium, kisha Jumatatu akarudi kwa mwalimu wa kunakilisha ubao. Mwaka wa 1972 mpango wa kuwafunza walimu wa shule za msingi ulianzishwa, na mwaka wa 1984 ikaundwa taasisi kwa ajili ya walimu wa sayansi wa shule za upili. Walimu hao waliketishwa chini na vifaa vya bei rahisi, wakaachwa wahangaike navyo kama wanafunzi, wakakosea, wakauliza. Wengine walikuwa na shahada za fizikia na hawakuwahi kuunda mota ya umeme kwa mikono yao.

Frank hakupata muda mrefu wa kuiona taasisi hiyo ikikua. Alifariki nyumbani kwake Sausalito, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, mnamo Februari 3, 1985, kutokana na saratani ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 72 na bado alikuwa mkurugenzi.

Mwaka wa 2013, Exploratorium iliuhama ukumbi ule wa zamani na kuingia katika jengo jipya kwenye gati nambari 15 ya bandari ya San Francisco. Karakana ilihamishwa pia, na ikawekwa ndani ya ukumbi, mahali ambapo wageni huwaona mafundi wakifanya kazi.